Maneno Niliyoyapeleka Biharamulo

Odilia mwanangu,

Marahaba. Najua ukiona mwandiko wangu utasema shikamoo kimoyomoyo hata kabla hujakaa, kwa hiyo nakuitikia mapema tusipoteze muda. Muda wenyewe hatuna. Wewe uko Bukiriro kumuaga bibi yako, gari lako ni kesho alfajiri, na mimi nimekaa hapa mezani tangu saa nane mchana na kalamu ya mama yako mdogo inayovuja wino.

Mambo ya kufunga mlango, kuchemsha maji ya kunywa na kutompa mtu simu yako aishike, mama yako mdogo ameshayasema mara nne na ya tano atayasema ukiwa umekaa kwenye siti. Mimi siyagusi. Naandika kwa ajili ya jambo moja tu. Juzi ulipokuwa unahesabu watu wa kuwaaga, jina la Vena hukulitaja. Mama yako mdogo akakuuliza, "Na Vena wa fotokopi je?" Ukasema, "Yule simuagi. Anajua alichonifanyia." Ukaendelea kukunja nguo. Mimi nilikuwa nimekaa palepale nakunywa uji. Nikaendelea kunywa, na uji ulikuwa umeshaisha kwenye kikombe.

Barua hii naiweka juu ya begi lako. Ukirudi jua likiwa bado lipo, duka la Vena litakuwa halijafungwa. Soma upesi, ila usiruke hata mstari.

Kwanza nikukumbushe anayekuandikia ni nani, maana siku hizi naona unasahau. Katika wilaya hii hakuna dalali aliyeikanyaga ardhi kama mimi. Nimeuza kiwanja chenye mteremko ambao mbuzi akitaka kula majani lazima asimame kwa miguu miwili na ya mbele aegemee kilima. Nimemuuzia mtu shamba akiwa amelazwa wodini, akasaini, na jioni ileile daktari akamwambia nenda nyumbani, umepona. Maofisa wageni wa ardhi wakifika Ngara huniuliza mimi kilima hiki kinaitwaje, ndipo wafungue ramani zao. Yote hayo kwa elimu ya darasa la sita. La saba nililianza, halikuniweza.

Na ya ukungu unaikumbuka. Nimekusimulia tangu mwaka ule kaka yangu, baba yako, alipotuacha ukaja kuishi kwetu. Kwamba nilimpeleka mteja Mabawe asubuhi moja, ukungu ukashuka mzito mpaka nikawa naukata kwa panga ili apite. Kwamba nilimuuzia kiwanja asichokiona, kwa maneno tu, kona baada ya kona, na ukungu ulipoondoka akakuta kila kitu kama nilivyosema, hata idadi ya migomba. Ulikuwa unacheka mpaka unashika tumbo, na wageni wakija unasema, "Ba'mdogo, wasimulie ya ukungu."

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Panga sikuwa nalo.

Yule mteja alikuwa mtu wa mbao kutoka Kahama, na kile kiwanja kutoka barabarani ni mwendo wa dakika tano. Lakini mimi sikumpitisha barabarani. Unajua kazi yetu: mteja akiijua njia, kesho anarudi peke yake kwa mwenye eneo, wanamalizana, wewe dalali unabaki unapangusa viatu. Na zaidi ya mteja nilikuwa namwogopa Gervasi.

Ndiyo, huyohuyo Gervasi unayekwenda kwake kesho. Wewe nimekuwa nikikuambia kwamba namfahamu kwa sura. Mwanangu, mimi na Gervasi tumelelewa kwenye sahani moja. Mama yake alikuwa akinipa chakula kwanza, ndipo ampe yeye, kwa sababu mimi nilikuwa nalia zaidi. Tuliingia kwenye udalali mwaka mmoja, tukiwa na baiskeli moja. Ila yeye watu walikuwa wanamwita, mimi nilikuwa najiita. Akipita sokoni, akina mama wanamwambia wenyewe nani anauza, nani kafiwa na anataka kuhama, mpaka upi una ugomvi. Mimi nikipita wananyamaza wanauza ndizi. Hilo lilinichoma kuliko unavyoweza kudhani. Nikaanza kumficha viwanja. Kisha nikaanza kumficha wateja. Mwishoni nilikuwa namficha hata njia ninayopita.

Kwa hiyo siku ile nilimzungusha mteja nyuma ya kilima, tukashuka bondeni, tukapita kwenye mashamba ya watu, ili hata akiulizwa na Gervasi asiweze kusema alikuwa wapi. Ukungu ukashuka. Na mimi niliyezaliwa mlima ule ule nikapotea. Tulimpita mama mmoja anapalilia maharage. Tukatembea weee, tukampita tena. Mara ya tatu akanyoosha mgongo akasema, "Baba, hao ng'ombe mnaowatafuta ni wangapi?" Mteja suruali imelowa mpaka magotini, haniulizi kitu tena.

Tukasikia sauti za watu. Alikuwa Gervasi na mwenye eneo la jirani, na majirani wa mipaka wote wameitwa, wanatembea kutoka mramura mpaka mramura, ile mimea yetu ya mpakani, kila mmoja anasema "hapa ni kwangu, hapa ni kwake", na pombe ya ndizi iko kando inawasubiri. Walikuwa wamepita barabarani kama watu wa kawaida. Gervasi alinitazama mara moja akaelewa yote. Mbele ya mteja alisema tu, "Deusi, karibuni, mmefika."

Mteja akamuuliza, "Kutoka hapa mpaka barabarani ni mbali?"

Gervasi akamjibu, "Ukikohoa hapa, mwenye duka barabarani anakupa pole."

Yule mtu wa Kahama akageuka akanitazama, akatazama viatu vyake. Siku ileile akanunua, na hakununua kwangu. Alichukua la jirani, mbele ya majirani waliokuwa wameshaitwa.

Jioni Gervasi akaja hapa nyumbani, akasimama hapo mlangoni unapoanika viatu. Akasema, "Mteja alikuwa wako. Nusu ya kamisheni hii hapa." Nikamwambia, "Kula zote, umeshanila mimi." Nikafunga mlango. Na usidhani sikuihitaji ile nusu. Tangu juzi yake nilikuwa nimeshachukua mbuzi kwa mkopo wa kusherehekea kiwanja ambacho hakijauzwa. Tulimla yule mbuzi kimya kimya, mama yako mdogo na mimi, kama watu walioiba.

Miaka kumi na moja sikumsemesha. Mama yake alipofariki, yule aliyekuwa akinipa chakula kwanza, nilipita na bodaboda nikaona watu wamejaa uani. Nikamwambia dereva aongeze mwendo. Makosa yangu mengine naweza kuyapamba yakawa hadithi, watu wakacheka. Hili nimejaribu, halipambiki.

Baadaye nikasikia amehamia Biharamulo, ameanzisha kikundi. Nikacheka nilipoambiwa. Eti kila Jumatatu asubuhi madalali wote wanaandika viwanja vyao kwenye ubao mmoja, kila mtu anaona cha mwenzake. Mwenye kiwanja na mwenye mteja wanagawana. Eti Jumamosi wanakaa darasani watu wazima, mmoja anawaeleza wenzake hati, mwingine mkopo, mwingine namna ya kutenga hela ya miezi mikavu. Na aliyeshindwa wiki hiyo anasimama anasema nimeshindwa hivi na hivi, wanampigia makofi. Nilisimulia hayo kijiweni watu wakacheka mpaka wakamwaga chai. Nikarudi nyumbani nikalala chali, nikawaza: mimi nimeshindwa mara ngapi katika wilaya hii, na nani amewahi kunipigia makofi?

Halafu na wewe ukaanza.

Mimi ndiye niliyekufundisha kazi hii, Odilia. Sijisifu, ni kweli. Nilikufundisha kwamba habari za maji usimuulize mwenye kiwanja, uwaulize wanawake wenye ndoo. Kwamba kiwanja kinatazamwa siku ya mvua. Kwamba muuzaji asiyetaka mke wake awepo, huyo mwache, funga safari urudi. Ulikuwa unanifuata nyuma na daftari, na mimi nikitembea mbele najiona kama mkuu wa wilaya. Kisha siku moja ukaniona nahesabu kamisheni kwa vidole, ukamwaga punje mia za maharage mezani hapa, ukazitenga kumikumi. "Ba'mdogo, asilimia kumi ndiyo hizi." Nikakuambia, "Hayo nayajua." Nilikuwa siyajui. Miaka yote ile nilikuwa naitaja asilimia kumi kwa mdomo, halafu napokea chochote mtu anachonipa, kwa sababu sikuwa na njia ya kumbishia. Nilijipunja mwenyewe huku najisifu. Ulipokwenda kulala nilizimwaga tena zile punje, nikazitenga upya peke yangu.

Nilifurahi? Nilifurahi kidogo. Zaidi niliona wivu. Naliandika neno hili kwa kalamu ya mtu mwingine, labda ndiyo maana linaandikika. Nilimwonea wivu mtoto niliyemlea.

Ndipo ukapata namba za kile kikundi, ukaanza kuongea nao kwa simu pale nje kwenye jiko. Nilikusikia ukicheka. Nikakusikia ukisema, "Ndiyo, mwalimu. Asante, mwalimu." Nikamuuliza mama yako mdogo, "Anaongea na mwalimu gani?" Akasema, "Gervasi wa Biharamulo." Odilia, mimi hujawahi kuniita mwalimu. Hata mara moja, hata kwa utani.

Wiki ile ile Gervasi akanipigia. Mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja. Hakuuliza la zamani. Alisema, "Deusi, binti huyu ameandika wewe ndiye mlezi wake. Nimpokee?"

Nikamjibu hivi, na naandika kama nilivyosema, neno kwa neno: "Ana kiburi. Hesabu zinamshinda. Na asubuhi haamki."

Sasa umeelewa. Uliporudi kutoka usaili umevimba macho, ukisema kuna mtu wa Ngara amepeleka maneno Biharamulo, kwamba wamekusomea mbele ya watu wote kiburi, hesabu na kuamka, mimi ndiye mtu wa Ngara. Ulikaa hapo kwenye kigoda ukatafuta ni nani nje ya nyumba hii anayejua kwamba uliomba nafasi hiyo. Ukasema, "Ni Vena tu. Yeye ndiye aliyenitolea kopi za vyeti." Nami nikasikia, nikasema, "Watu wabaya siku hizi." Nilisema hivyo, mwanangu. Nikanywa maji nikaenda zangu kijiweni.

Vena alinifuata Jumapili baada ya misa. Alisimama pembeni mpaka watu wakapungua. "Shikamoo Baba Odi. Odi nimemkosea nini? Nikimpigia hapokei, nikimwita barabarani anavuka upande wa pili." Nikamwambia, "Aah, ninyi wasichana mna mambo yenu." Akaniamini, akaenda. Nikamtazama anavyoshuka mteremko na nikamkumbuka mtu mwingine niliyekuwa navuka barabara ili nisikutane naye. Uliutoa wapi mwendo huo wewe? Umeuona hapa nyumbani. Nimekufundisha ardhi na nimekufundisha na huo, bila daftari.

Tangu Jumapili sijala vizuri. Asubuhi hii, ulipoondoka kwenda Bukiriro, nikampigia Gervasi. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, na unajua maneno mimi sikosi. Yakanikimbia yote. Nikasema tu, "Gervasi, yale niliyokuambia juu ya binti ni uongo."

Akacheka. Alicheka kicheko chake kile cha utotoni, kinachoanza puani. Akasema, "Deusi, kwani mimi sikujui? Wewe kiwanja kibovu unakisifu mpaka kinang'aa. Kizuri unakiponda, hakina maji, hakina njia, kina kesi, ili sisi wengine tusikitazame ubaki nacho. Uliposema ana kiburi, hesabu hajui na haamki, nikawaambia wenzangu huyu tumchukue haraka kabla hajatuzuia kwa njia nyingine."

Nikakaa chini. Nikamuuliza, sasa kwa nini mlimsomea mbele ya watu? Akasema kwao neno linalosemwa juu ya mtu linasemwa naye akiwepo, ndiyo sheria yao ya kwanza, halizunguki nyuma. Jina la aliyelisema alilificha kwa sababu lilikuwa langu. Akaniambia ulivyojibu, maana wewe kwetu ulikuja na machozi tu, majibu hukutuambia. Kwamba ulisimama ukasema, "Hesabu nipeni sasa hivi. Kiburi sikijui, mkikiona mtaniambia. Na kuhusu kuamka, nimekuja na gari la saa kumi na mbili asubuhi kutoka Ngara." Amesema watu walipiga makofi. Natamani ningekuwepo, na hapohapo nachukia kwamba wao walikuwepo.

Kabla hajakata simu nilimwambia pole ya mama. Imechelewa miaka mingi. Akasema, "Alikuwa anakuulizia." Hayo yanatosha, siongezi.

Kutoka hapo nilitembea mpaka dukani kwa Vena. Sikupanda bodaboda, nilitaka mguu uchelewe. Nilimwambia yote wateja wakiwa wamepanga foleni na vitambulisho vyao mkononi. Alizima mashine akanisikiliza. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari. Hakunitukana. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Na Odi akaamini kwamba ni mimi?"

Kosa la kwangu nimelibeba, swali hilo ni lako. Utalijibu mwenyewe, leo, kabla hajafunga. Usimpelekee zawadi wala usimpelekee hadithi. Mwambie uliamini, na mwambie umekosea. Mimi nilijaribu njia ya kuzunguka, inaishia kwenye shamba la maharage la mtu.

Za hela niseme kidogo, kwa sababu huko watakufundisha vizuri kuliko mimi na sitaki kushindana na darasa lao la Jumamosi nikiwa Ngara. Tazama bati za nyumba hii. Upande wa chumba chako ni mpya, upande wetu ni za zamani zenye viraka. Kila kamisheni niliyopata ilikuwa sikukuu. Niliwanunulia watu soda kijiwe kizima ili wajue Deusi kauza. Upande wako niliuezeka kwa kamisheni moja tu, ile ambayo hakuna mtu aliyejua nimeipata, kwa hiyo hapakuwa na wa kumringia. Fikiria hapo mwenyewe. Mtu akishinda, au hata akishindwa, mbele ya watu wanaomtakia mema hana haja ya kununua soda. Nadhani ndiyo sababu wale wenzako wanapigiana makofi. Makofi ni bure.

Na daftari langu, lile jeusi ulilokuwa unaliomba unakili, lenye kila kiwanja, kila mpaka na kila ugomvi kuanzia hapa mpaka Mabawe, sikupi. Bado roho haijafika huko. Ila ukurasa mmoja nimeuchana, uko ndani ya bahasha hii. Ni mwalimu mstaafu anayetafuta ekari mbili upande wa Biharamulo, karibu na barabara. Nimemficha miezi mitatu. Jumatatu mwandike kwenye ubao wenu, mbele ya wote, na jina langu pembeni kwamba mteja katoka kwangu. Nusu yangu safari hii naitaka. Mwambie Gervasi hivyohivyo, atacheka.

Nimesema mwanzo kwamba unasahau anayekuandikia ni nani. Labda mimi ndiye niliyesahau. Nimekuandikia kama dalali kurasa zote hizi. Nilitaka uniite mwalimu, na tangu una miaka saba unaniita baba, japo mdogo.

Sasa nenda. Saa kumi na mbili Vena anateremsha mlango.

Kesho alfajiri nitakuja stendi kukusindikiza. Nikiona begi mmelishika watu wawili, wewe upande huu na yeye upande ule, sitauliza mmesemaje. Wale wenzangu wa kijiweni watakuwepo, hawakosi, na wataniuliza kwa sauti, "Deusi, huyo binti unayempeleka Biharamulo, kweli anafaa?" Nami nitawajibu mbele yako, mbele ya kondakta na abiria wote, na wewe usilie, kwa sababu unajua ninavyofanya kazi. Nitawaambia huyu hafai. Mvivu. Hesabu hajui. Kiburi kimemjaa, maji hana, njia hana, mteremko mtupu. Msijisumbue hata kumtazama.

Baba yako,
Deusi